Mto Uliokula Shamba: Tamathali na Muundo wa Sentensi katika Darasa la Kiingereza

Mwezi Februari mwaka 2008, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Hewani karibu na Garsen, aliandika katika insha yake ya Kiingereza kwamba mto umekula shamba la mama yake. Mwalimu alilipigia neno hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni kuwa ni tafsiri ya sisisi kutoka lugha ya nyumbani, akakata alama. Siku mbili baadaye, mwalimu huyo huyo aliingia darasani na shairi, akawataka wanafunzi wataje tamathali iliyotumiwa pale mto unapopewa kinywa na njaa. Jibu lilikuwa tashihisi. Kijana wa Hewani alilijua, ila hakunyoosha mkono.

Haifai kumlaumu mwalimu upesi. Alifanya kazi aliyopewa na mtaala. Kiingereza cha shule za sekondari za Kenya hufunza lugha na fasihi kama somo moja, na tangu mwaka 2006 mtihani wa KCSE umekuwa na karatasi tatu. Ya pili hupima ufahamu, uhakiki wa fasihi na sarufi kwa pamoja, na ya tatu hudai insha. Mwalimu mmoja, basi, hulazimika kuvaa kofia mbili: mlinzi wa kanuni na mfasiri wa ukiukaji wake. Tatizo ni kwamba mwanafunzi haambiwi kofia ipi imevaliwa. Sentensi ya mshairi huhesabiwa kuwa pambo kwa sababu inadhaniwa kuwa mshairi alikuwa na hiari ya kusema vinginevyo, ilhali sentensi ya mwanafunzi huhesabiwa kuwa kosa kwa sababu inadhaniwa kuwa hakuwa nayo. Maneno yenyewe ni yale yale.

Suala hili si geni. Cicero na, baada yake, Quintilian walikwisha kuona kwamba wakulima wa Kirumi walisema mizabibu inatoa vito pale ilipochipua, na Quintilian akaongeza kwamba kwao mimea shambani huona kiu. Wakulima wale hawakuwa wakijipamba. Kwa maelezo ya Quintilian, lugha haikuwa na neno lingine la jambo lile, nao wakaazima lililokuwa karibu. Wataalamu hao wawili, ambao vitabu vyao vilizaa sehemu kubwa ya istilahi zinazokaririwa leo katika madarasa yetu, hawakumsahihisha mkulima. Walimtumia kuwa mfano.

Mkulima wa Hewani ana haki zaidi ya kusikilizwa, kwa maana neno lake ni sahihi kuliko lile aliloshauriwa kulitumia. Wapokomo wa bonde la chini hulima mpunga, ndizi na mahindi kwa kuufuata mto Tana. Mto unapofurika kwa kiasi, huacha tope lenye rutuba, na mpunga huutegemea ujaji huo; unapofurika kupita kiasi, kama mwishoni mwa mwaka 2006, huangamiza. Lakini pana tendo la tatu. Maji yanapopungua, ukingo uliolowa hukatika kwa chini, na kipande cha shamba chenye migomba yake huporomoka mtoni mchana kweupe, bila tone la mvua. Mto hauna haja ya kufurika ili ule. Mkondo wenyewe umehama mara nyingi katika historia ya delta kwa njia hiyo hiyo ya kumega upande mmoja na kuongeza upande wa pili. Ni nani, basi, anayezungumza kwa mafumbo: anayesema mto umekula, au anayesema shamba limeharibika?

Kosa la pili katika insha ile lilikuwa la muundo, nalo lina mafunzo makubwa zaidi. Mwanafunzi alitaka kusema shambani mmeingia viboko. Alianza na shamba, akafuatisha kitenzi cha umoja, viboko wakaja mwisho. Mwalimu aliandika kuwa hajui upatanisho. Ukweli ni kwamba aliujua mno. Katika Kiswahili, kiambishi m- cha mmeingia hupatana na mahali, si na viboko. Mahali ndipo panapotawala kitenzi. Joan Bresnan na Jonni Kanerva waliuchambua muundo wa namna hii katika Kichewa mwaka 1989, na makala yao yakawashughulisha wanaisimu wa pande zote za dunia. Kiingereza nacho hutanguliza mahali, hasa katika ushairi na masimulizi, ila kitenzi chake huendelea kumtii mtenda aliyewekwa nyuma. Hapo ndipo lugha hizi mbili zinapoachana, na jambo hilo lingeelezwa ubaoni kwa dakika tano.

Lakini nani angelieleza? Kipokomo ni lugha ya kundi la Sabaki, dada wa Kiswahili, Kimijikenda na Kingazija, kama walivyoonyesha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ile alikuwa na nyenzo zote za kuonyesha upatanisho wa mahali, naye alikuwa chumba cha pili, akifundisha ngeli. Wala walimu wa Kiswahili wasijitoe lawamani: kwa mtoto aliyelelewa kwa vitendawili vya ukingoni mwa Tana, neno tashihisi ni geni sawasawa na lile la Kiingereza, na aghalabu hukaririwa vivyo hivyo, jina kwanza na mfano wa kitabuni baadaye.

Kijana aliambiwa aandike nakala safi. Safari hii alianza na viboko, akakipatanisha kitenzi nao, kisha akaandika kwamba mafuriko yaliharibu shamba la mama yake. Hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja, na insha ikasomwa mbele ya darasa. Msimu ule ulikuwa wa kiangazi, na mto ulikuwa umeshuka kiasi cha watu kuvuka kwa miguu.