Uji wa mtoto na bidoni za mazutu



Mwaka 2024, vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, wengi wetu tulibakiwa na njia ya ziwa Kivu. Siku moja nilipanda boti ya mbao Minova, nikaenda Goma. Tulibanana na magodoro na magunia ya makala. Nyuma, karibu na motere, kulikuwa na bidoni za mazutu na petroli. Katikati ya safari mama mmoja aliwasha mbabula ili ampikie mtoto wake uji. Kutoka pale hadi kwenye bidoni hazikufika hatua tatu.

Nilinyamaza. Niliona aibu kumkataza mama ambaye mtoto wake alilia tangu asubuhi. Mzee mmoja ndiye aliyesema kwa upole: "Mama, samahani, zima moto. Tukiungua hapa, tutakimbilia wapi?" Mama akazima. Mtoto akalia mpaka Goma.

Tulipofika, baharia alichota maji yaliyochanganyika na mazutu chini ya boti, akayamwaga ziwani. Hapo karibu kina mama walikuwa wanachota maji ya kunywa.

Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto kwenye Mto Kongo. Maafisa walieleza kwamba moto ulianzia kwa abiria aliyekuwa anapika. Watu wengi walikufa, wakiwemo walioruka majini bila kujua kuogelea. Nilikumbuka ukimya wangu.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wa bandari wasihesabu abiria tu. Bidoni zifungwe vizuri na zikae mbali na watu. Ndoo ya mchanga iwe karibu na motere, maana ukimwagia maji mazutu yanayowaka, moto unasambaa. Mazutu yaliyovuja yakusanywe yapelekwe nchi kavu. Na bandarini pawe na mahali pa kupikia kabla ya safari, kwa sababu katazo peke yake halimshibishi mtoto.

Mimi sasa, kabla sijapanda, nauliza: mazutu yako wapi, na mchanga uko wapi? Mabaharia wengine hucheka. Wacheke tu, lakini wanionyeshe.