Petroli ya safari za baba

Mara 3 kwa wiki nampeleka baba kusafishwa damu, kutoka Kibaha hadi Dar es Salaam na kurudi. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na nilidhani nazijua gharama za ugonjwa wa figo. Petroli sikuwahi kuihesabu.

Mwezi uliopita gari lilianza kunywa mafuta kupita kawaida. Nikafikia mahali, Mungu anisamehe, pa kutaka kumwomba baba turuke siku mojamoja. Nami najua vizuri kwamba akiruka, maji na sumu vinabaki mwilini.

Fundi wa mtaani hakufungua hata boneti. Alipima upepo wa matairi, akakuta 22, wakati kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinataka 32. Tairi likiwa laini, injini inasukuma kwa nguvu zaidi. Kisha akagusa rimu za nyuma. Moja ilikuwa ya moto, breki imeng'ang'ania. Akauliza pia ile mifuko 2 ya saruji kwenye buti ni ya nini. Ya kaka yangu, tangu Pasaka!

"Na wewe mwanangu unakanyaga mafuta kama unafukuzwa," baba akadakia. "Ukiona foleni mbele, achia mapema."

Ameendesha malori miaka 30, na sikuwahi kumuuliza.

Zamani tenki liliisha Alhamisi. Sasa linafika Jumamosi. Baba anakaa mbele, jicho kwenye mshale wa mafuta. Sijamwambia nilichotaka kumwomba.