Jumanne ya Muundi

Baba hakuuliza nimeipataje nyama. Aliuliza nani kachinja.

Nilimwambia ni Msomali mmoja, kwenye kichinjio kidogo cha shambani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Minneapolis. Tulikuwa wanawake watano, tukachanga tukanunua nusu ng'ombe kwa mkulima, tukagawana kwenye gereji ya mmoja wetu, mizani ikiwa juu ya mashine ya kufulia. Nilipata kilo 18. Wenzangu waligombea steki na nyama ya kusaga. Muundi haukuwa na mwenyewe, nikauchukua wote, na mkia juu yake.

"Hapo umefanya la maana," baba akasema. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Wengine husubiri mwaka mzima kuisikia.

Baba alikuwa na bucha Buguruni kwa miaka 26. Alfajiri alikwenda Vingunguti kuchagua nyama, na kabla hatujaenda shule alikuwa amesharudi, gumboti zimelowa, anadai chai. Kwake nyama iligawanyika mafungu mawili tu: iliyofanya kazi na isiyofanya kazi. Sarara haikufanya kazi, ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana hakuiheshimu. Muundi ndio mguu wenyewe. Ng'ombe wetu hawa wa nundu wametembea maisha yao yote wakifuata majani na maji, na muundi wao ukiupika nusu saa utadhani unatafuna kandambili. Mama aliubandika baada ya chakula cha mchana, akayafukia makaa kwa majivu yasiwake sana, akaenda kwenye shughuli zake. Usiku tulikula kwa kijiko.

Huku hakuna majivu. Kuna oveni, na kuna Oktoba. Majira haya tunayaita vuli, lakini ni jina la kuazima tu. Vuli ya kwetu ni mvua, matope na bodaboda kupandisha bei. Vuli ya huku ni mti wa mbele ya dirisha langu kuwa mwekundu kama pilipili mbivu, halafu wiki mbili baadaye unabaki vijiti. Baridi ya kwanza inapoingia chini ya mlango, kuwasha oveni saa tano mfululizo hakuonekani tena kama ufujaji.

Nyama niliitia chumvi usiku, kabla ya kwenda kazini. Asubuhi niliporudi nilivikaanga vipande, vikubwa na mifupa yake, mpaka vikawa kahawia pande zote. Vitunguu maji vinne, tangawizi ya kutosha, kitunguu saumu, bizari nyembamba, kijiti cha mdalasini, nyanya mbili tu. Maji yasiifunike nyama. Yote yakaingia kwenye sufuria nzito ya chuma niliyoinunua mtumba, mfuniko juu, oveni 300. Hizo ni Fahrenheit, kama 150 za kwetu. Ilikuwa saa tatu.

Saa nne nilimpigia baba kwa video. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilimwonyesha pande nililolibakisha, akasogeza uso mpaka nikaona pua peke yake.

"Mafuta ya njano. Huyu kala majani."

Ni kweli. Nyama nyingi ya dukani huku ni ya ng'ombe walionenepeshwa kwa mahindi, mafuta yake meupe. Huyu aliachiwa malishoni. Nikataka na mimi nionekane najua kitu, nikamweleza kwamba zile kano zinazoufanya muundi uwe mgumu zina kolajeni, na kolajeni ikikaa saa nyingi kwenye unyevu na moto uliozidi nyuzi 70 inageuka jelatini, ndiyo maana mchuzi unaganda ukipoa. Nikasema tulifundishwa kwenye kemia, muhula wa kwanza.

"Si leo Jumanne?" akauliza.

"Jumanne, baba."

"Jumanne si huwa uko hospitali, kwenye mazoezi? Unapikaje nyama ya saa tano?"

Nilikuwa nimeiandaa hotuba ya siku hiyo kwa miezi tisa. Haikuja hata neno. Nilimwambia niliacha chuo cha uuguzi, ada ilinishinda, nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee.

"Tangu lini?"

"Januari."

"Na zile picha za sare nyeupe?"

"Za zamani, baba."

Nauli yangu ya kuja huku ilikuwa kiwanja chake cha Chanika. Zile picha amezionyesha kijiwe kizima. Nilisimama, nikashika kitambaa, nikafungua mlango wa oveni bila sababu yoyote, nadhani ili nipate cha kutazama.

"Usifunue," akasema. "Kila ukifunua unaanza upya."

Adhana ya magharibi ikasikika nyuma yake. Akakata simu.

Nilikosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilijaribu kulala, nikashindwa, maana nyumba nzima ilishaanza kunukia Buguruni. Saa nane kasoro nilikuwa naitoa sufuria simu ilipoita. Kwao ni karibu saa nne usiku, na baba hulala saa tatu.

"Imefikaje?"

Niligusa kwa uma. Nyama iliachana na mfupa yenyewe.

"Ada ya muhula ni kiasi gani?"

Nikamtajia kwa dola. Hakuuliza ni shilingi ngapi. Alikaa kimya, nikasikia feni lake linavyokwaruza, lilelile la tangu niko darasa la tano.

"Kile kiwanja wamejenga baa," akasema. Sikujua kama ananilaumu au ananipa habari. Sijui mpaka sasa. "Mfupa una uboho?"

"Unao."

"Gonga nione."

Niliegemeza simu kwenye birika, nikaugonga mfupa kwenye sahani mara mbili, mara ya tatu uboho ukachomoka wote, unatetemeka.

"Usiuache upoe. Tia chumvi kidogo," akasema. "Kula, nakutazama."