Chawa wa Kuku, Chawa wa Kanga

Konda wa daladala ya Barabara ya Mandela akiita "Veterinari!", abiria hushuka bila kujiuliza kituo kilipataje jina la udaktari wa wanyama. Pale Temeke ndipo ilipo maabara kuu ya mifugo, ambayo leo iko chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na ndipo ilipokuwa ikitengenezwa chanjo ya mdondo ya I-2, ile ya tone moja jichoni. Mimi nilikulia Yombo, si mbali na hapo, enzi Yombo bado ni mikorosho na mihogo, na kila nyumba ina kuku wanaozurura.

Kwetu mdudu wa kuku alikuwa mmoja tu, utitiri. Aliyekuwasha mkono ukitoka bandani ni utitiri. Yule wa rangi ya majani makavu anayekimbia ukifunua manyoya, naye utitiri. Hata kiroboto aliyeng'ang'ania kope za kifaranga aliitwa hivyo hivyo. Bibi hakuona haja ya kuwatenganisha kwa sababu dawa ilikuwa moja: majivu ya jikoni kwenye kiota, majani ya mwarobaini chini ya mayai. Na ilisaidia. Kuku mwenyewe huoga vumbi kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikapata kazi ya uhudumu katika maabara moja ya mifugo: kuosha vyombo, kufagia, kupokea sampuli mlangoni. Alikuwepo fundi sanifu mmoja, Mndengereko wa makamo, mtu wa maneno machache. Ukimpelekea kichupa chenye wadudu hakuuliza ni wadudu gani. Aliuliza, "Wa ndege gani?" Usipokuwa na jibu alikisogeza kichupa pembeni na kuendelea na chai yake.

Nilimwona mkorofi mpaka aliponieleza. Chawa wa ndege hana mabawa. Anazaliwa, anazaa na kufa kwenye manyoya. Yai lake limegandishwa kwenye unyoya, na ukimwondoa mwilini mwa ndege hamalizi wiki. Anahama pale ndege wawili wanapogusana: mama akilalia vifaranga, jogoo akipanda tetea. Mara mojamoja hudandia nzi anayefyonza damu ya ndege, akashukia kwa mwenyeji mwingine. Kwa maisha ya namna hiyo, aina nyingi za chawa zimebaki na ndege mmoja au na ndugu zake wa karibu. Duniani zimeshapewa majina zaidi ya spishi 4,000 za chawa wenye taya, na wengi wao ni wa ndege. Ukijua ndege, umeshapunguza maelfu hayo mpaka wachache wa kuhesabika.

Kisha akanionyesha kuku mmoja, mtaa kwa mtaa. Kichwani na shingoni, ambako mdomo wa kuku haufiki, anakaa Cuclotogaster heterographus, mnene na mzito wa mwendo. Kwenye manyoya makubwa ya bawa amejilaza Lipeurus caponis, mwembamba, mrefu, amejipenyeza kati ya nyuzi za unyoya kuku anapojichokoa asimkamate. Kwenye manyoya laini yuko Goniocotes gallinae, mviringo na mdogo. Karibu na ngozi, hasa sehemu ya kutolea haja, anakimbia Menacanthus stramineus, na huyu ndiye mbaya wao: hutafuna hata vinyoya vinavyochipua mpaka damu itoke. Wote hao kwenye kuku wa kienyeji mmoja wa Tandika. Wote Bibi aliwaita utitiri.

Kazi ya kuwatambua ilikuwa ya polepole, nami niliipenda kwa sababu ya upolepole wake. Chawa analowekwa kwenye maji ya potasi kali mpaka alainike, tumbo linakamuliwa kwa sindano, anaoshwa, anapitishwa kwenye spiriti ya nguvu inayopanda hatua kwa hatua, halafu anatiwa kwenye mafuta ya karafuu ili awe angavu. Ndiyo, karafuu, wanaolowanisha chawa London na California hutumia mafuta ya zao la Pemba. Hata unga bora wa kumnyunyizia ndege aliye hai ili chawa wadondoke kwenye karatasi nyeupe hutokana na pareto, ua linalolimwa Mufindi na Mbeya. Mwisho chawa hufunikwa kwa kioo na gundi ya balsamu ya Kanada, na slaidi huachwa ikauke kwa wiki kadhaa. Ndipo unaketi mbele ya hadubini kuhesabu vinywele: vingapi kwenye paji, vingapi kila pingili ya tumbo, virefu au vifupi. Kwa dume unatazama kiungo cha uzazi, maana mara nyingi ndipo spishi mbili zinazofanana kila kitu zinapoachana.

Siku nilipouliza tutajuaje kama tumepata chawa mpya, yule fundi alicheka. Kusema mpya, alisema, sharti uwe umewaona wote wa zamani, na wa zamani hawako hapa.

Ni kweli hawakuwa hapa. Chawa wa kuku alipata jina la kisayansi mwaka 1758 kwa Linnaeus wa Sweden, aliyemweka kundi moja na chawa wa binadamu. Chawa wa ndege wa kwetu walianza kuchukuliwa kwa wingi baadaye. Mwaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt, Mswidi, aliongoza msafara wa kukusanya wanyama Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai. Chawa waliopatikana walipelekwa kwa Vernon Kellogg, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, naye akachapisha maelezo yao mwaka 1910, wakiwemo wapya kwa sayansi. Chawa wa Tanganyika walibatizwa California. Uganda alikuwepo G. H. E. Hopkins, mtaalamu wa mbu kwa ajira na wa chawa kwa mapenzi. Yeye na Theresa Clay wa makumbusho ya London walitoa mwaka 1952 orodha ya majina ya chawa wote wenye taya waliojulikana. Bila orodha ile ungeweza kumpa jina mdudu aliyekwisha kuwa na majina matatu.

Clay alifanya kazi kwa miaka mingi na Richard Meinertzhagen, na hapa naomba nichepuke kidogo. Huyu ndiye yule ofisa wa ujasusi wa Kiingereza aliyekuwa Tanga Novemba 1914 jeshi lao lilipofukuzwa na Wajerumani na askari wao. Uzeeni alisifika kwa mkusanyiko wa ndege na wa chawa. Baada ya kifo chake watafiti waligundua kwamba sehemu ya ndege wake waliibwa kwenye makumbusho na kuandikiwa lebo za uongo, mahali na tarehe za kubuni. Ndege wa namna hiyo anapotosha hata chawa wake.

Uongo si lazima, bahati mbaya inatosha. João Tendeiro, daktari wa mifugo Mreno aliyefundisha Lourenço Marques, Maputo ya leo, alitangaza mwaka 1969 spishi aliyoiita Campanulotes defectus. Chawa hao walikuwa na lebo ya njiwa msafiri wa Amerika ya Kaskazini, yule ambaye wa mwisho wake alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Ikaandikwa kwamba njiwa alipokwisha, chawa wake naye alikwisha, na vitabu vya uhifadhi vikamtaja kwa majonzi. Mwaka 2000 wataalamu walimtazama upya wakaona kwamba kwa kila dalili ni chawa anayejulikana wa njiwa wa Australia. Lebo ilichanganywa mahali fulani. Chawa mwingine wa njiwa msafiri, Columbicola extinctus, aliyepewa jina la kutoweka kabisa, alikutwa mzima kwenye njiwa mwingine wa Amerika. Fundi wetu alikuwa amestaafu zamani nilipoyasoma haya. Ningependa sana kuona angefanya nini na chai yake.

Wakati huo Dar nayo ilikuwa inabadilika, na chawa pamoja nayo. Kuku wa Yombo ya utotoni waliishi na kufa uani mwao. Baadaye likaja soko la Shekilango na mengine, kuku wa Singida na Dodoma wanashushwa kwenye matenga, tenga la kuku juu, la kanga chini, bata pembeni. Kaa pale saa moja tu utaelewa kwa nini swali la "wa ndege gani" limekuwa gumu. Yule chawa mkubwa kuliko wote wa kuku, Goniodes gigas, wataalamu wengi wanaamini asili yake ni kanga. Menacanthus anayekimbia kwenye ngozi ya kuku anadhaniwa alitoka kwa bata mzinga, ndege wa Amerika. Kwa hiyo kuku wa kienyeji tunayemsifu kwa ukienyeji wake amebeba Asia ya mababu zake, Afrika ya kanga na Amerika ya bata mzinga. Kuchanganyika hakukuanzia Shekilango. Pale kunafanyika mchana kweupe tu.

Badiliko kubwa zaidi lilipita bila mtu kulitangaza. Mpwa wangu anafuga kuku wa nyama Chamazi. Nilikwenda bandani kwake na karatasi nyeupe na unga wa pareto kama ada yangu, nikanyunyiza, nikasubiri. Karatasi ilibaki nyeupe. Vifaranga wake wametotoleshwa kwa mashine, hawajawahi kulaliwa na mama, na mama ndiye aliyekuwa akiwarithisha chawa usiku wa kwanza. Wiki ya tano au ya sita wanachinjwa, wakati chawa anahitaji wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi kuwa mzazi. Kuku wa mayai, anayekaa zaidi ya mwaka, huwapata kwa matenga na trei za kuazima. Huyu wa nyama hana nafasi. Urithi uliopokezanwa kuku kwa kuku tangu porini Asia umekatwa na mashine, na mpwa wangu anasema ni sawa tu, na kibiashara ana haki.

Utambuzi nao si ule wa vinywele peke yake. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipendekeza wanyama watambuliwe kwa kipande kimoja cha vinasaba. Siku hizi chawa huhifadhiwa kwenye spiriti kali, vinasaba vinatolewa bila kuharibu ganda, na ganda lile lile linatengenezewa slaidi. Spishi zilizofichana kwa sura zimeanza kuachana. Nafurahi, ila sikubaliani na vijana wanaodhani hadubini imekufa. Vinasaba vinakwambia huyu si yule. Kumweleza mtu wa Entebbe au Maputo huyu anafananaje, bado unahesabu vinywele.

Mmoja wa vijana hao ni binti wa dada yangu, amesoma zuolojia, anaishi Mbagala. Anataka kufanyia kazi kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kujaza jiji lote la Dar. Ndege wachache wanapovushwa bahari, baadhi ya chawa wao huweza kuachwa nyuma, kwa kuwa si kila ndege huwa na kila chawa. Kunguru wetu wenye shingo nyeupe nao wana chawa wao, na Heinrich Klockenhoff wa Bonn aliandika sana kuhusu chawa wa kunguru katika miaka ya 1970. Kwa hiyo vya kulinganishia vipo.

"Mjomba, nianzie wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia aanze na lebo: ndege, mahali, tarehe, jina la mkusanyaji, kwa penseli, ndani ya kichupa, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Akacheka, akanionyesha simu, inapiga picha ya ndege na kuandika mahali penyewe. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe tumekubaliana afanye yote mawili, kwa sababu yeye hupandia gari Rangi Tatu, na simu pale haina hakika ya kufika nyumbani.