Paa, Mvua ya Mawe na Simu Yangu

Niseme mapema kabla mtu hajaanza kunitagia KWS: paa hakufa. Sasa tulia nikupe stori.

Ilikuwa Aprili, niko ushago Kiptere, saa nane mchana. Nimejifunika blanketi mbili, soksi, mavini kichwani, nimenunua bando la saa moja natazama wazungu wa Wisconsin wakiwinda kulungu. Hizo video huwa zinanimaliza. Jamaa amekaa juu ya mti tangu alfajiri, theluji inamchapa, ndevu zimeganda, amevaa jaketi la rangi ya machungwa ili mwenzake asimpige risasi akidhani ni mnyama. Haongei. Ni upepo tu unasikika. Halafu anashuka, anapata nyayo mbichi kwenye theluji na kuanza kuzifuata polepole. Watazamaji kibao, na yeye hata hajasema "mambo".

Nje kwetu mabati yalikuwa yanalia hadi nikaongeza sauti. Mvua ya mawe. Kama hujaishi Kericho hutaelewa: huku ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Upepo wenye unyevu unatoka Ziwa Victoria, unapanda huku juu, unapoa, na mchana ukisogea tunapigwa. Majani chai yanachanika, na mathe anasimama mlangoni akihesabu kilo ambazo hatapeleka kwa kituo. (Mwaka 2008 kule Busara, karibu na Nyahururu, barafu ilifunika mlima na watu wakatoka kucheza wakidhani ni theluji. Sisi hatuchezi. Sisi tuna chai.)

Simu ikalia. Binamu yangu. "Imepungua. Vaa gamubuti, leta simu yako."

Alikuwa na mbwa watatu na rungu. Tulishuka upande wa mto, baridi inaingia hadi kwa mifupa, vidole siwezi kuvikunja. Chini kulikuwa kumetapakaa barafu nyeupe, na juu ya hiyo nyeupe, manze, nyayo. Ndogo, kwato mbili mbili, zimetoka kwa majani chai zikaingia kwa miti ya blugamu. Wisconsin kabisa. Agui alikuwa ametuambia zamani kwamba siku ya upepo paa hasikii hatua zako, lakini ukija na upepo mgongoni atakunusa kabla hujamwona. Kwa hivyo tukazunguka ili upepo utupige usoni.

Mbwa walimbana kwenye kona ya ua wa senyenge. Paa ni mdogo kuliko unavyofikiri. Urefu wake ni kama mbuzi mchanga, pumzi inatoka puani kama moshi, barafu imebaki mgongoni. Binamu akainua rungu. Na mimi nikasema, "Ngoja. Ngoja kwanza nipate upande mzuri."

Nilisema hivyo mara tatu. Iko kwa video, sauti yangu.

Nilipokuwa nafuta lenzi na kona ya hudi, mbwa mmoja akateleza, paa akapita chini ya senyenge, akaenda. Sekunde mbili tu. Binamu hakunitukana. Aliangalia tu pale alipopitia, akaita mbwa, tukapanda mlima bila kuongea.

Usiku nikiedit nikaanza kusoma sheria, kwa sababu najua nyinyi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wa kila mtu, mwenye leseni na asiye na leseni. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita kwa mtu anayewinda tu ili ale. Uso wa binamu yangu uko kwa hiyo video, wazi, na rungu juu.

Hapo ndipo hasira ilinipanda kidogo. Theodore Roosevelt alitua Kenya 1909, ametoka tu ikulu ya Marekani, na yeye na mwanawe Kermit wakaangusha wanyama wakubwa zaidi ya 500 kwenye ile safari yao. Akaandika kitabu, akasifiwa. Wakati huohuo babu zetu wakiwinda kwa mikuki na mbwa walianza kuitwa majangili kwenye ardhi waliyozaliwa. Ukitaka kubishana na mimi kuhusu hilo, karibu kwa komenti.

Lakini pia siwezi kudanganya kwamba sisi na Wisconsin ni sawa. Kule msimu wa bunduki ni siku tisa mwezi wa Novemba, unalipia leseni, na tangu 1937 kuna sheria inayopeleka kodi ya bunduki na risasi kwa uhifadhi. Kulungu wao wanahesabiwa kwa mamilioni. Huku kwetu, mwaka 2001 serikali ilitangaza kumega makumi ya maelfu ya hekta za Msitu wa Mau. Agui anasema akiwa kijana walikuwa wanaona paa kila wiki. Mimi nina miaka ishirini na mbili na huyo ni wa pili.

Nilimwonyesha Agui video. Aliishika simu mbali na macho, akaangalia hadi mwisho, akaniambia nirudishe nyuma. Halafu nirudishe tena.

"Alikuwa na maziwa," akasema.

Sikuwa nimeona. Nimepitia hiyo video labda mara arobaini, nimepanga rangi, nimeongeza sauti ya upepo, na sikuwa nimeona chuchu zimejaa. Binamu angalau alikuwa anatafuta nyama. Nyumbani kwao chai ilikuwa imechapwa wiki hiyo, na fundisho la rungu hakulitoa kwa intaneti. Mimi nilikuwa nimekula mchana.

Agui alinirudishia simu, akaomba chai.

Sijaiposti. Sijaifuta pia, nisijifanye mtakatifu. Ni video nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Simu inaniambia kila siku nafasi imejaa, nafuta picha zingine. Juzi binamu amenitumia ujumbe: "Ile kitu umeposti? Tugawane." Nimeona, bado sijajibu.