Mchanga wa Sharqiya na Suala la Jenereta

Kutoka Maskati hadi Bidiya ni safari ya kilomita 200 na ushei. Barabara hupenya kwanza milima ya mawe makavu, kisha huipita Ibra, mji ambao watu wa koo za Harthi na Barwani walitoka zamani kwenda Unguja na mwambao wetu, na ambako hadi leo mgeni aweza kuitikiwa salamu yake kwa Kiswahili fasaha. Mbele ya hapo milima huachana, na upande wa kusini hujitokeza vilima vya mchanga vyenye rangi ya asali. Huo ndio Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi wangali wanauita Ramlat al-Wahiba. Eneo lake hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 12,500, nalo halina nguzo ya umeme pindi uachapo ukingo wa kijiji.

Msimu wa baridi, familia nyingi za Omani huja huku mwisho wa wiki zikivuta trela la kulala, ambalo huku huitwa karavani. Ndani yake mna vitanda, jiko, friji, pampu ya maji na kiyoyozi. Vyote hivyo vyataka umeme, na kwa hiyo kila baba anayenunua trela hukutana na swali lile lile: je, afunge jenereta ndani ya trela lenyewe, au anunue ndogo ya kubeba kwa mkono? Nasi tumelijadili mara nyingi, kwa kuwa katika safari zetu huwamo watoto, na humo mna mama yetu mzee anayetumia insulini.

Jenereta ya kufungwa ina raha zake. Hukaa katika kisanduku chake, huwashwa kwa kitufe pasipo mtu kutoka nje, na mwizi hawezi kuinyanyua. Zenye nguvu ya wati 4,000 huendesha kiyoyozi bila kulalamika. Lakini uzito wake hufika kilo 80 au zaidi, na mzigo huo utavutwa siku zote, uitumie usiitumie. Anayejua kupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani anajua pia thamani ya kila kilo. Tena, ikiharibika, trela zima hupelekwa kwa fundi.

Ile ya kubeba, hasa ya aina ya inveta yenye wati 2,000 hivi, ina uzito wa kilo 20 na kitu, na mtu mzima mmoja huibeba. Sauti yake ni ya chini. Haitoshi kuwasha kila kitu kwa pamoja, na kiyoyozi kikubwa kitaielemea kwa sababu injini ya kiyoyozi hutaka umeme mwingi zaidi katika dakika ya kuanza. Lakini nani anahitaji kiyoyozi Bidiya mwezi wa Januari, wakati usiku watu hugombania mablanketi? Kero yake ni petroli ya kubebwa katika madumu, na mchanga laini unaoziba kichujio cha hewa usipokisafisha kila safari. Nayo haifai kuongezwa mafuta ingali ya moto.

Hata hivyo, uzito na bei si mambo ya kwanza kwetu. La kwanza ni moshi. Kila injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Jenereta ya kufungwa hutoa moshi chini ya kitanda cha mtu, karibu na sakafu na madirisha. Ufa mdogo wa bomba watosha kuleta msiba. Ile ya kubeba twaweza kuiweka mita 6 au zaidi kutoka trelani, upande ule upepo unakoelekea, bomba likitazama mbali na watu. Si kwamba hapo hatari imekwisha, kwani upepo wa jangwani hugeuka. Ndiyo maana katika trela lolote, la jenereta yoyote, kifaa cha kung'amua gesi hiyo hakina mbadala, nacho kipigwe jaribio kabla ya kuondoka nyumbani. Wala pasiwepo mtu wa kuiingiza jenereta chini ya turubai ati isilowe umande.

Jambo la pili ni jirani. Jangwani sauti husafiri mbali sana, na familia iliyopiga kambi nyuma ya kilima kinachofuata ina haki juu yetu kama jirani wa mtaani. Yupo atakayeamka usiku wa manane kuswali, yupo mwenye mtoto mchanga. Kwa hiyo sisi huwasha jenereta alasiri, betri za trela zikajaa, kisha tukaizima baada ya Isha. Taa na friji ndogo ya insulini huendeshwa na betri hadi Alfajiri. Kwa mpango huo, wati 2,000 zimetutosha na kusaza, na uamuzi wetu kwa Sharqiya ni wa ile ya kubeba.

Hatuwalaumu waliochagua kinyume. Wapo wanaovuta trela hadi Salala wakati wa harifu, kati ya Juni na Septemba, mwendo wa kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati kupitia Haima, katikati ya nchi tambarare ambako joto la mchana hupita nyuzi 45. Familia yenye wazee na wachanga ikisimama pale kwa Adhuhuri na Alasiri, kitufe kimoja na kiyoyozi chenye nguvu ni rehema, na kilo 80 zimelipiwa. Kisha hushuka milima ya Dhofar, ukungu ukawapokea na manyunyu yakaanza, jenereta ikazimwa na madirisha yakafunguliwa.