Kutoka Majengo Hata Ngomeni: Safari ya Kutazama Mlango wa Anga

Majengo ya Dodoma ni mtaa wa soko na wa watu wa kila kabila. Mchana hapasikiki ila sauti za wachuuzi na mikokoteni. Lakini usiku wa kiangazi mtaa huu hupata neema kubwa, nayo ni mbingu tupu isiyo na wingu. Nchi yetu ya katikati imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na tangu Mei hata Novemba mvua ni adimu. Hapa mwezi mwandamo huonekana vyema, na nyota za Kilimia, ambazo wakulima wa zamani walijulia majira, hung'aa kama shanga.

Katika miaka hii ya karibuni watu wameona jambo jingine. Wanafunzi wetu wa chuoni walituletea habari kwamba, baada ya Magharibi, wameona taa nyingi zikifuatana mstari mmoja kama siafu, zikapita kimya, kisha zikatoweka. Mtaani wengine walisema hiyo ni alama ya Kiyama. Wengine walisema ni ndege za vita. Mzazi mmoja alitusihi tusiwashughulishe watoto na habari hizo. “Maalim,” akasema, “mambo ya huko juu si yetu sisi.”

Hakika yake ni hii. Zile ni satelaiti, yaani vyombo vilivyoundwa na wanadamu vikazunguka dunia kama uzungukavyo mwezi. Kampuni ya Kimarekani iitwayo SpaceX ilianza kurusha satelaiti za Starlink 60 kwa mara moja mwezi wa Mei 2019, ili iuze intaneti duniani kote. Siku za kwanza huenda zikifuatana, kisha hutawanyika. Nazo hazina taa: huakisi jua ambalo kwetu limekwisha kuchwa, lakini huko juu bado lawaka.

Habari yenyewe basi si ya kutisha. Bali neno la mzazi yule, kwamba mambo hayo si yetu, lilitukaa moyoni, hata tukajaliwa safari ya kwenda Malindi kwenye arusi ya jamaa zetu. Tulishuka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza kazi mwaka 2024, tukashika njia ya Tanga na Horohoro, tukavuka Likoni, tukafika Malindi. Arusi ilipokwisha tuliomba tupelekwe Ngomeni, kaskazini ya mji ule, kupita Gongoni penye mashamba ya chumvi.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi. Ukisimama ufukoni, waona baharini majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu. Majukwaa hayo yaliwekwa na Waitalia, na lile la kurushia likaitwa San Marco. Tangu Aprili 1967 hata Machi 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo wa bure, na mbele yake ni bahari tupu, hata ikianguka haimdhuru mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo satelaiti ya Marekani ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza iliyoundwa makusudi kupima miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ilitambua asili zaidi ya 300 za miali hiyo. Basi neno letu la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni.

Mvuvi mmoja mzee alituambia, “Maalim, sisi tulikuwa tukiuona moto ukipanda, basi. Ndani yake mna nini, hatukujua.”

Si Ngomeni peke yake. Unguja nako, huko Tunguu, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya anga. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyoongea naye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilifungwa. Pwani yetu basi imekuwa mlango wa anga mara mbili, na mara zote mbili sisi tulikuwa mabawabu. Na bawabu, wasomaji wetu, hukaa mlangoni siku zote, lakini nyumba si yake.

Lakini mambo yameanza kugeuka. Mwezi wa Novemba 2022 Uganda ilipeleka satelaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, nayo iliundwa na vijana wa Kiganda waliokwenda kusoma Japani. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na chakula. Nayo haikupandia Ngomeni, bali California, ndani ya roketi ya SpaceX, pamoja na mizigo ya watu wengi, kama abiria katika basi aliyelipa nauli yake. Zamani mlango ulikuwa wetu na mzigo wa wengine. Leo mzigo ni wetu na mlango ni wa wengine. Nasi twaona hali ya leo ni bora, kwani mlango hukodishwa, ila elimu haikodishwi.

Wala asidhani mtu kwamba akikaa mbali hayatamfikia. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kama kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, katika Makueni, Kenya. Nayo ilisemwa kuwa ni kipande cha roketi. Mkulima wa Dodoma atazamiaye mvua apande mtama wake hupata habari za mawingu yaliyopigwa picha na satelaiti. Na msafiri atafutaye kibla kwa simu yake huongozwa na satelaiti vilevile.

Tena elimu hii si ngeni kwetu. Nyota ambayo Wazungu huiita Rigel ni Rijl, yaani mguu. Na Aldebaran ni ad-Dabaran, mwenye kufuata, kwa kuwa huifuata Thurayya, ambayo ndiyo Kilimia yetu. Majina hayo waliyapokea kwa wanavyuoni wa Kiislamu, waliokuwa wakihesabu nyakati za sala na miandamo ya mwezi.

Kwa hiyo twawaombeni wazazi: mtoto akiuliza habari ya zile taa, asinyamazishwe. Na ajibiwe, na kama jibu halipo nyumbani, apelekwe kwa mwalimu wake wa hesabu. Wala msimtoe shuleni binti anayependa hesabu kwa kusema kwamba amekwisha kujua kusoma. Na vijana, mjifunze falaki kwa kalamu na karatasi, mpate kujua jua lachwa saa ngapi Dodoma na saa ngapi Malindi, na kwa nini saa hizo hazilingani. Roketi ni ghali, bali hesabu hiyo yaweza kuanza leo usiku, uani, pasipo kununua kitu.